Mwenye Hisa na Mwenye Miwa

Tumeletewa swali na baadhi ya wasomaji wetu, na kwa kuwa linawagusa wengi tumeona bora kulijibu katika ukurasa huu kuliko kulijibu kwa barua. Wasema: siku hizi twahimizwa tusiache akiba zetu zikalala, bali tununue hisa na bondi katika Soko la Hisa la Nairobi. Na juu ya hayo twaambiwa kuwa umezuka uwekezaji mpya, uitwao uwekezaji endelevu, usiotazama faida peke yake bali hutazama pia ardhi, maji, hewa na hali za watu. Je, mtu akiisha kuhakikisha kuwa kampuni haiuzi ulevi, haichezeshi kamari wala biashara yake si riba, na akaona imeandikwa kuwa ni ya kijani, dhima yake imekwisha?

Jawabu yetu ni kuwa haijakwisha. Lakini hatupendi kulieleza jambo hili kwa maneno ya vitabuni yasiyo na mfano, wala haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano haiko. Iko kampuni hapa hapa Kenya, katika Kaunti ya Kakamega, ambayo khabari zake zimeandikwa na hesabu zake zimetangazwa mbele ya watu wote, nayo ni Kampuni ya Sukari ya Mumias.

Mumias si mji mgeni kwa watu wa pwani. Wazee wetu waliufikia kwa miguu zamani za misafara, wakafanya biashara katika ufalme wa Wanga, na Uislamu ukaingia huko kwa mkono wao hata leo ukawa na mizizi. Basi mtu wa Mombasa au Lamu asiseme kuwa khabari ya miwa ya Kakamega ni khabari ya watu wa mbali. Kwanza wale ni jamaa zetu kwa dini na kwa ujirani wa zamani. Pili, sukari ile tumeinywa sote.

Kampuni iliundwa mwaka 1971, na mwaka 1973 kiwanda kikaanza kutoa sukari. Serikali ndiyo iliyokuwa na fungu kubwa. Mpango wake, kwa haki, ulikuwa mpango mwema: kiwanda kiwe na shamba lake, lakini miwa iliyo mingi ilimwe na wenyeji katika ardhi zao wenyewe. Kampuni iliwapa wakulima mbegu na mbolea kwa deni, ikakata miwa ikaichukua, kisha ikatoa gharama zake katika bei na kilichobaki kikawa cha mkulima. Kwa fedha hiyo watoto wamesoma na nyumba za mabati zimesimama. Hatusemi kuwa kiwanda kile kilikuwa balaa tangu mwanzo; lau kingekuwa hivyo, watu wasingelikililia kama wanavyokililia.

Mwaka 2001 kampuni iliandikishwa katika Soko la Hisa, na mwaka 2006 serikali ikauza fungu jingine, ikabaki na hisa 20 katika kila 100. Hapo ndipo mwalimu wa Malindi, mke wa baharia wa Mombasa na karani wa Kakamega walipoweza kuwa wenye kiwanda, kila mtu kwa kadiri ya mfuko wake. Jambo hili halina ila. Mtu mmoja hawezi kujenga kiwanda cha sukari, na elfu wakichanga chao kidogo kidogo wakaweza, huo ni ushirika ule ule ambao wanazuoni wameandika milango mizima juu yake: mali yachangwa, kazi yafanywa, faida yagawanywa kwa sharti, na khasara yachukuliwa kwa kadiri ya mtaji. Wako wenzetu wanaolisikia jina la soko la hisa wakadhani ni nyumba ya kamari. Hao wamekosa. Soko ni mizani, na mizani haina dhambi. Mwenye dhambi ni yule anayeipunja, au anayeweka juu yake kitu kimoja na kuficha cha pili.

Na hapa ndipo penye maneno yetu.

Muwa si kama mhindi. Hukaa ardhini miezi 18 na zaidi kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kisha machipukizi yake hukatwa tena na tena, hata shamba likafungika kwa miaka. Mwenye ekari mbili akiisha kuzitia miwa hana pa kupanda chakula cha watoto. Angoja fedha ya miwa ili anunue unga. Tena muwa ukishakatwa hauwekeki. Utamu wake hupungua kila siku ipitayo, kwa hivyo mwenyewe hana nguvu za kuuzuia mpaka apate bei. Na mnunuzi akichelewa kulipa, muuzaji hawezi kusema, nirudishieni mzigo wangu, kwani mzigo umekwisha kusagwa, umeuzwa, na umenywewa katika chai ya Mombasa.

Basi mkulima huyu, pasina kukusudia, amekuwa mkopeshaji wa kampuni. Amekopesha kazi ya mwaka na nusu, bila rehani, bila hati ya kutisha mtu, na bila kuulizwa kama aridhia. Benki nayo imekopesha, lakini benki imeshika rehani: mitambo, ardhi, majumba. Siku mambo yakiharibika sheria humtazama kwanza mwenye rehani, na mwenye miwa husimama nyuma pamoja na wadai wengine wasio na kitu mkononi. Na nyuma yao wote husimama mwenye hisa, ambaye khasara yake haizidi kile alichonunulia.

Baadhi ya watu wa elimu wameuliza kama desturi hii ya mwenye hisa kutodaiwa zaidi ya mtaji wake yakubalika katika sharia. Wengi wa wanazuoni wa zama hizi wameikubali, kwa sababu anayefanya biashara na kampuni ajua tangu mwanzo kuwa adai kampuni, wala hadai watu wake. Sisi hatuwapingi. Lakini twauliza: sharti hili la kujua, limetimia kwa nani? Limetimia kwa benki yenye mawakili, na limetimia kwa mfanyabiashara auzaye vipuri. Ama bibi wa kijijini aliyetia alama ya kidole katika mkataba wa miwa, tukisema kuwa alijua na akaridhia, tutakuwa twajidanganya.

Sasa tutazame yaliyotokea. Mwaka wa hesabu uliokwisha Juni 2013 kampuni ilitangaza khasara ya zaidi ya shilingi bilioni 1.6. Tangu hapo haikusimama. Sababu zilikuwa nyingi, na si za mtu mmoja: madeni, miwa kupungua, viwanda vya jirani kuvuna miwa ambayo wenziwao waliigharimia, sukari rahisi kutoka nje, na usimamizi mbovu uliofika hata kufanyiwa ukaguzi maalumu. Serikali ilimimina fedha za kuiokoa tangu mwaka 2015, na fedha zikazama. Mwaka uliokwisha Juni 2018 khasara ilizidi shilingi bilioni 15. Mwezi wa Septemba 2019 benki ya KCB, iliyokuwa miongoni mwa wadai wenye rehani, ikaweka msimamizi wake juu ya mali, na Novemba mwaka huo uuzaji wa hisa ukasimamishwa. Bei ya hisa moja ilikuwa imeshuka chini ya senti 30. Mwaka 2021 kiwanda kikakodishwa kwa kampuni ya Uganda, na kesi zikafuatana mahakamani. Katika miaka hiyo yote malalamiko ya wakulima wasiolipwa miwa yao hayakukoma. Wako walioing'oa wakarudia mahindi. Wako walioipeleka kwa wapishi wa sukari guru kwa bei ya kutupa, kwa kuwa fedha ya mkononi ni bora kuliko deni la mtu asiyelipa.

Lakini jambo linalotufunza zaidi si hili la kuanguka. Viwanda vingi vimeanguka. Watu wa Kwale wana Ramisi yao, iliyofungwa mwaka 1988. La kutufunza ni kuwa Mumias ilikuwa na sifa zile zile ambazo leo twaambiwa tuzitafute. Mwaka 2008 mradi wake wa kutoa umeme kwa makapi ya miwa uliandikishwa katika ule utaratibu wa Umoja wa Mataifa uliotokana na Itifaki ya Kyoto, ambao kwao mwenye kupunguza hewa chafu huweza kupata hati na kuziuza kwa nchi nyingine. Mwaka 2009 mtambo ukaanza, wenye nguvu za megawati 35 hivi, na umeme uliozidi haja ya kiwanda ukauzwa kwa kampuni ya umeme ya nchi. Makapi yaliyokuwa yakitupwa yakawa taa. Ni kazi nzuri, wala hatuicheki. Kwa kipimo cha moshi na hewa, mwenye kutafuta hisa ya kijani katika soko letu wakati ule angelianza na Mumias.

Kipimo kile hakikusema uwongo. Kilipima alichoambiwa apime mpimaji, basi. Hakikuulizwa mkulima alipwa baada ya siku ngapi. Hakikuulizwa kama ekari zote za kijiji zimekwisha kuliwa na miwa. Kwa hivyo hati ilisema kweli juu ya hewa na ikanyamaza juu ya mtu, na msomaji wa hati akaudhani unyamavu ule kuwa ni ushahidi mwema.

Tukisema hivi tusijitoe sisi wenyewe. Vipimo vyetu vya halali navyo vina unyamavu wao. Wataalamu wa fedha za Kiislamu wameweka kanuni za kuchuja hisa: deni la riba la kampuni lisifike asilimia 30 ya thamani yake sokoni, pato lisilo halali lisizidi asilimia 5, na mwenye hisa alitoe fungu lile chafu katika faida yake. Kanuni hizo zina manufaa, na zimewatoa watu wengi katika wasiwasi. Mwaka 2012 Mumias ilipofungua mtambo wa kutengeneza ethanoli kwa molasi, mcha Mungu yeyote angeliuliza mara moja: je, spiriti hii yaenda hospitalini, au yaenda katika chupa za walevi? Ni swali la haki. Lakini twastaajabu na moyo unaoshituka kwa pipa la spiriti usishituke kwa gari la miwa lisilolipwa. Kuchelewesha ujira wa mtu ilhali uwezo upo ni dhulma, na katika hili hapana khitilafu baina ya madhehebu. Sura ya Mutaffifin imefunguliwa kwa onyo kwa wanaopunja mizani, na anayechukua tani ya miwa leo akailipa baada ya miaka miwili, bei ya unga ikiwa imekwisha kupanda, huyo amepunja mizani bila ya kuigusa.

Kwa hivyo twasema: mwenye hisa ni mshirika, na ushirika hauwi katika faida peke yake. Hatusemi kuwa dhambi ya meneja ni dhambi ya kila aliye na hisa 100. Hilo lingekuwa ni kuwatwika watu wasichokiweza. Dhima huenda na mambo mawili, kujua na kuweza. Asiyejua na hakuwa na njia ya kujua, hana neno. Lakini kampuni iliyo sokoni yalazimishwa na sheria kutangaza hesabu zake kila mwaka, na hii ndiyo neema kubwa ya soko juu ya biashara za chumbani. Humo mna mstari wa wadai: kampuni yadaiwa kiasi gani na wale walioiuzia mali. Mstari ule ukinenepa mwaka hadi mwaka, huku fedha iliyoko mkononi ikikonda, basi kampuni yaishi kwa jasho la watu ambao haijawalipa. Haihitaji elimu ya chuo kikuu kuusoma. Wafanyabiashara wetu wa Biashara Street huusoma mstari kama huo katika daftari la mpangaji wao kwa nukta moja.

Ama kuweza, twakiri kuwa mwenye hisa 100 katika kampuni ya hisa bilioni moja na nusu ni tone baharini. Lakini wenye fedha nyingi sokoni si matone. Kuna mifuko ya pensheni, kuna makampuni ya bima, kuna vyama vya akiba na mikopo, nao wote wachezesha fedha za watu kama sisi. Hao wana nguvu za kumwita mwenyekiti akaja. Wanaposema kuwa kazi yao ni kutafuta faida tu kwa ajili ya wazee wastaafu, husahau kuwa mstaafu mmoja ana nduguye mwenye miwa. Na sisi tulio katika mifuko hiyo twaweza kuwauliza, kwa barua na kwa mikutano, wala ulizo si uasi. Watu kumi wa msikiti mmoja wenye hisa za kampuni moja waweza kumpa wakala mmoja akahudhuria mkutano wa mwaka kwa niaba yao, akasimama akauliza neno moja la maana. Mikutano hii watu wetu wengi huiendea kwa ajili ya soda na mwavuli.

Wako wanaosema: mimi nikiona dhulma nitauza hisa zangu niondoke, na huko ndiko kutii. Kuuza kwaweza kuwa sawa. Khabari ikiwa imetangazwa na mnunuzi ajua anunuacho, hapana ghishi. Lakini aliye ndani ya kampuni, akajua kabla ya watu kuwa wakulima hawatalipwa, akauza kimya kimya kwa mwalimu wa Malindi, huyo ameuza kitu chenye ila akaificha, na sharia ya nchi na sharia ya Mungu zote mbili zamkamata. Na aliyeinunua hisa iliyoanguka si kwa kuwa ameona kiwanda chatengenezwa, bali kwa uvumi kuwa serikali itamwaga fedha bei iruke siku mbili, huyo asituulize sisi juu ya uhalali. Ajiulize mwenyewe atofautianaje na mcheza karata.

Mambo yameanza kubadilika, nasi twayashukuru kwa kiasi chake. Mwaka 2021 Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa namna makampuni yatakavyoeleza mambo yao juu ya mazingira, jamii na uongozi. Kabla ya hapo, mwaka 2019, kampuni ya Acorn ilitoa bondi ya kijani ya kwanza nchini, ya shilingi bilioni 4.3, kwa kujenga mabweni ya wanafunzi yasiyopoteza maji na umeme. Mabweni ni mema, lakini bondi ile ni ya riba, na riba haihalaliki kwa kupakwa rangi. Mwaka 2023 sukuk ya Linzi, ya shilingi bilioni 3, iliandikishwa katika soko lile lile kwa ajili ya ujenzi wa nyumba, na huo ni mlango tuliokuwa tukiungoja. Hata hivyo sukuk nayo tuulize: nyumba zajengwa juu ya ardhi ya nani, na mafundi walipwa lini?

Kwetu pwani tunacho kitu kidogo ambacho wataalamu wa Nairobi wangefaa kukitazama. Katika vijiji vya Gazi na Makongeni, Kwale, tangu mwaka 2013 wenyeji wamekuwa wakiuza hati za hewa ya ukaa kwa kuilinda mikoko ya hekta 117, kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja. Fedha si nyingi. Imeleta maji ya bomba na vitabu vya skuli. Si kampuni ya hisa, wala hatusemi kuwa kiwanda cha sukari chaweza kuendeshwa kama kamati ya kijiji. Lakini pale anayelinda mkoko ndiye aliyeketi katika kikao cha kugawa fedha, na asipolipwa hana haja ya kungoja ukaguzi kutoka mbali. Atasema siku ile ile, na atasikiwa kwa kuwa mweka hazina ni jirani yake. Wakulima wa Mumias waliikopesha kampuni kwa miaka mingi, na katika meza ya kugawa hawakuwa na kiti cha haja.

Waulizaji wetu wametaka pia kujua: ikiwa hisa za Mumias zitarudi sokoni, zanunulika? Twajibu kuwa sukari ni halali na kiwanda ni halali. Lakini kabla ya kutoa shilingi moja, mtu atake kuonyeshwa mambo matatu katika karatasi za kampuni. Madeni ya zamani ya miwa yamelipwa, au yameandikwa yatalipwa lini na kwa fedha gani? Katika mkataba mpya, mkulima atalipwa baada ya siku ngapi, na zikipita ana haki gani? Na je, yako mahali popote palipoandikwa kuwa deni la miwa litatangulia deni la benki? Akipata majibu, anunue kwa jina la Mungu. Akiambiwa kuwa mambo hayo yatatengenezwa baadaye, naye angoje baadaye.